Kilomita nne kutoka Muyeye: gari la mkopo au baiskeli?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Muyeye, hapa Malindi, na mume wangu na watoto wawili, wa miaka 7 na 10. Shule ninayofundisha iko kama kilomita nne kutoka nyumbani, upande wa baharini. Bodaboda nalipa shilingi 100 kwenda na 100 kurudi. Watoto wanapelekwa na tuktuk ya kupatana, 3,500 kwa mwezi. SACCO yetu imenikubalia mkopo wa 700,000 nilipe kwa miaka minne, nami nimeona gari dogo la mtumba la bei hiyo. Mume wangu asema tuchukue. Kaka yangu aliyewahi kukaa Ulaya asema ninunue baiskeli, na nyumba nzima ikacheka: mwalimu, na buibui lake, juu ya baiskeli! Nifanyeje? Na kwa nini mji mdogo kama Malindi umejaa vyombo hivi, hata kuvuka barabara ya Lamu ni mpaka usome dua?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Umeuliza mawili kwa pumzi moja. Naanza na la mkopo kwa sababu ndilo lenye haraka. Ukishatia sahihi, maneno yangu yatakuwa ya kukusindikiza tu.

Chukua karatasi. Shilingi 700,000 kwa miezi 48, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayohesabiwa juu ya deni lililobaki, kama zifanyavyo SACCO nyingi, ni kama 18,430 kila mwezi. Hapo gari halijasogea hata hatua. Bima, oili, tairi, breki, na lile jambo ambalo fundi huligundua akiwa ameshafungua kila kitu: tuwe wapole, tuseme 5,000 kwa mwezi ukigawanya mwaka mzima. Petroli sasa. Kwenda, kurudi na kuwazungusha watoto ni kama kilomita 12 kwa siku, na gari dogo la mjini, la kusimama na kuondoka, litakunywa lita moja hapo. Mimi nimepiga kwa 180 kwa lita. Bei ikibadilika nawe badilisha. Siku 22 za kazi ni 3,960. Jumla 27,390.

Leo unatoa 4,400 za boda na 3,500 za tuktuk. Jumla 7,900.

Nikiwafanyia watu hesabu hii, wengi huniuliza juu ya petroli, gari lipi linakula kidogo. Tazama tena karatasi yako: petroli ndiyo ndogo kuliko zote tatu. Gari hukugharimu zaidi likiwa limesimama, na gari la mtu binafsi husimama karibu maisha yake yote. Wanaopima mambo haya wanakadiria asilimia 95 ya muda wake. Lako litalala chini ya mwarobaini wa nyumbani usiku, chini ya mwarobaini wa shuleni mchana, na deni halilali popote. Kilomita 12 kwa siku 22 ni 264. Gawanya: kila kilomita utakayoendesha itakuwa imekula kama shilingi 104. Boda, ambayo ndiyo uliyoandika kama malalamiko, inakutoza 25.

Mume wako atasema, na ana haki, kwamba miaka minne ikiisha gari linabaki na nauli za boda zimepeperuka. Linabaki, kweli. Ila Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane, kwa hiyo la 700,000 aghalabu limeshaingia siku nyingi na kupita mikono miwili mitatu hapa hapa. Ongeza minne juu ya hiyo, pamoja na hewa ya chumvi, halafu mwulize mtu wa gereji atakupa ngapi. Upande wa pili wa mizani ni tofauti ya 19,490 kila mwezi, ambayo kwa miezi 48 ni zaidi ya laki tisa.

Siyo kwamba nachukia gari. Ninalo, na ndilo lililonipeleka Mombasa wiki iliyopita, kilomita 120 ambazo sizifanyi kwa miguu wala kwa sifa. Ungeniandikia kwamba mama yako yuko Mambrui na kila wiki anapelekwa hospitali, au kwamba unachukua samaki Ngomeni alfajiri na kuwauza mjini, ningekwambia nunua na nisingekupotezea muda. Lakini hukuniandikia hivyo. Umeniandikia kilomita nne, njia ya tambarare, saa zilezile kila siku, na mzigo wa madaftari. Kwa zile Jumamosi mbili za mwezi za harusi na matanga, kodi gari na dereva wake. Hutaikaribia hiyo 19,490.

Sasa baiskeli iliyowachekesha.

Nina haki kidogo ya kuisemea, maana kabla sijaingia chuo nilikula kwayo. Jina boda boda lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, miaka ya 1960, vijana wakivusha watu na magunia kutoka boda hadi boda. Lilipofika kwetu Malindi lilikuja na chombo chake, baiskeli nyeusi nzito isiyo na gia tuliyoiita Black Mamba. Kiti cha abiria tulikitengenezea kwa mafundi wa makochi: ubao juu ya karia, sponji, ngozi bandia nyekundu, na pembeni misumari ya kichwa cha shaba imepangwa kama ya mlango wa Lamu. Mama akija na buibui alikaa upande, mkono mmoja umeshika springi za kiti changu, mwingine umekumbatia kikapu, na nilimpeleka hadi Barani asidondoshe nyanya hata moja. Hakuna aliyecheka. Kwa hiyo mwanamke wa buibui juu ya baiskeli hapa Malindi si ajabu mpya. Kipya ni kwamba sasa ndiye atakayekanyaga pedeli.

Mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwenye pikipiki za injini ya chini ya cc 250, na kwa miaka michache tu sisi wa pedeli tukawa hatuna kazi. Silaumu mtu. Abiria wangu wa kwanza kunikimbia alikuwa mjomba wangu. Ila lilitokea jambo ambalo halikuwa kwenye bajeti yoyote: baiskeli iliposhindwa kazi ya abiria, ikashindwa na heshima. Ikabaki ya muuza mkate, muuza samaki na mtalii. Mtalii akipita na kaptula yake kule Casuarina twasema wenzetu wanajua kutunza afya. Muuza mkate akipita hatumwoni. Mwalimu akipita twamwonea huruma, tunadhani mshahara umechelewa.

Kicheko cha nyumbani kwako ni hicho, na sitakudanganya kwamba ni kitu chepesi. Nimeona wanaume wenye nguvu zao wakinunua gari wasiloliweza kwa sababu ya kicheko cha namna hiyo. Ninachoweza kukwambia ni kwamba huchukua kama muhula mmoja. Wiki ya kwanza wanafunzi watakushangilia getini, ya tatu watakupokea mkoba, na ukifika nusu ya muhula utasikia kuna mwalimu mwingine anauliza ulinunua wapi.

Swali lako la pili, la mji kujaa, ndilo lililonifanya nisomee kazi hii ya barabara.

Nilipoanza kazi, ofisi moja ilinituma mimi na vijana wengine watatu tukae kwenye njiapanda tuhesabu vyombo kwa saa kumi na mbili, ili barabara ipanuliwe kwa hesabu. Tulipewa fomu. Ilikuwa na safu ya gari dogo, safu ya matatu, ya pikapu, ya lori la ekseli mbili, ya lori la ekseli tatu. Ilipofika saa mbili asubuhi nilikuwa nimeona watoto wa shule mia kadhaa wakipita kwa miguu, na wauza samaki wa baiskeli wakipita na matenga yanayodondosha maji, na kalamu yangu haikuwa na pa kuwaandika. Kuna mzee mmoja wa tenga alipita mara sita. Nilimkumbuka kwa sababu mara ya sita alinipigia kengele kunitania. Jioni nikamwuliza mkubwa wangu, hawa tuwaweke safu gani? Akajibu, bila ubaya wowote, kwamba hao si trafiki. Barabara ikajengwa kwa ile fomu: njia mbili pana laini, na kando yake, pale wanapopita wasiokuwa trafiki, mchanga.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Anayetembea na anayeendesha baiskeli hakuhesabiwa, asiyehesabiwa hakujengewa, na asiyejengewa hutafuta kuhama kundi. Anapanda boda. Akipata kidogo anachukua tuktuk, akipata zaidi anachukua mkopo wa SACCO. Halafu sisi wataalamu tunarudi njiapandani na fomu yetu, tunasema tazameni magari yalivyoongezeka, tupanue. Nairobi angalau iliandika sera mwaka 2015 ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa watembeao na waendeshao baiskeli. Kuandika ni rahisi kuliko kumwaga zege, lakini huwezi hata kudai zege ambalo halijaandikwa.

Sababu ya pili ni viwanja. Fikiria mtaa wa zamani wa Shella yetu hapa. Msikiti, madrasa, duka la unga, kinyozi na mama wa mahamri vyote viko ndani ya hatua mia tatu, kwa kuwa waliojenga walijua watakwenda kwa miguu. Ukifika Lamu utaona jambo hilohilo limekamilika. Watu husifu Lamu kwa punda, na mji ukaingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001 kwa majumba na milango yake, lakini mimi ninachokiona pale ni ukaribu: kila unachokihitaji kila siku kiko umbali ambao hata gari likiruhusiwa halikufai kitu. Sasa linganisha na viwanja vya futi 50 kwa 100 tunavyouziana Kijiwetanga na kwingineko. Vizuri, nafuu, vina beacon nne na hati. Havina duka, havina shule, havina hata kivuli cha njiani. Anayejenga pale amenunua nyumba na, bila kujua, amenunua safari mbili za kila siku mpaka azeeke. Katika sensa ya 2019 mji wa Malindi ulikuwa na watu karibu 120,000. Huo ni mji wa kuuvuka kwa baiskeli kabla chai haijapoa. Tunaunyoosha kidogo kidogo mpaka ufanane na mji mkubwa kwa adha tu, bila kupata faida zake.

Na kupanua barabara hakutibu. Hili nalirudia kila nikialikwa kusema, na kila mara kuna mtu ananitazama kama nimepinga maji. Barabara ikiwa pana na tupu, yule aliyekuwa akingoja saa nne ili kukwepa msongamano anatoka saa mbili. Aliyekuwa akitembea anapanda. Aliyekuwa akiishi karibu anaona sasa anaweza kuhamia mbali kwenye kiwanja cha bei rahisi. Baada ya muda imejaa tena, na safari hii imejaa watu walio mbali zaidi. Kule Houston, Marekani, kuna barabara kuu iitwayo Katy Freeway iliyokamilishwa kupanuliwa mwaka 2008, ikafika njia 26 mahali palipo papana zaidi ukihesabu na za pembeni. Njia 26, mwalimu! Haikuchukua miaka mingi, safari za jioni zikawa zimerefuka kuliko hapo awali.

Kaka yako alikaa Ulaya, pengine ndiyo maana nyumbani wanamwona ameleta mambo ya wazungu. Mwambie asimulie na upande wa pili. Uholanzi hawakuzaliwa juu ya baiskeli. Walikuwa nazo nyingi zamani, kama sisi, kisha baada ya vita kuu ya pili wakapata pesa, wakanunua magari, wakabomoa mitaa ili yapite. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000 katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani na kulala chini katikati ya njia, wakidai mauaji ya watoto yakomeshwe. Mwaka 1973 mafuta yakapanda kwa ule mgogoro wa Waarabu na nchi za Magharibi, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili kwa muda, na watu wakaziona barabara zao tupu kwa mara ya kwanza tangu ujana wao. Njia za baiskeli anazozisifu kaka yako zilikuja baada ya hapo, polepole, mtaa baada ya mtaa, kwa ugomvi mwingi wa wenye maduka. Siku hizi vifo vyao kwa mwaka viko chini ya 800, na watu wameongezeka kwa mamilioni.

Sisi Kenya tunazika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa barabara, na kundi kubwa kuliko yote ni la watembea kwa miguu. Dua yako ya barabara ya Lamu ina msingi. Jambo moja tu la kukumbuka pale: mtu akigongwa na gari la mwendo wa kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa ni kama mara nne na nusu ya akigongwa na lililo kwenye 50. Sheria yetu ya mjini ni 50. Kwa hiyo tuta moja lililojengwa vizuri mbele ya kivuko cha shule linaokoa zaidi ya mabango kumi ya kampeni.

Basi ninunue au nisinunue? Nunua baiskeli, mwache mwenye tuktuk aendelee na watoto. Narudia la watoto kwa sababu najua kaka yako atataka kuwapandisha wote: mtoto wa miaka 7 hana pa kupita kwenye ile njia kuu, na mimi nisingemweka wangu. Huyo wa miaka 10 ajifunze vichochoroni jioni, mwaka ujao tutaongea. Ukimpakia mdogo kwenye karia siku moja moja, hakikisha ana pa kuwekea miguu na wavu pembeni mwa gurudumu. Kisigino cha mtoto kikiingia kwenye spoku, kinachunwa kama ganda la muhogo. Nimekiona, sitaki kukieleza zaidi.

Tafuta mtumba wa Kijapani, ile yenye fremu iliyoshuka katikati, kikapu mbele na kifuniko kizima cha mnyororo. Hiyo iliundwa kwa mama wa sketi anayekwenda sokoni, na buibui haliisumbui. Upindo wa nyuma uzuie kwa wavu wa gurudumu au ukunje ukalie. Dera pana nalo laweza, ila ncha ya mtandio uitie ndani, isipepee nyuma. Bei ya baiskeli nzuri ya namna hiyo ni kama malipo yako ya mkopo ya mwezi mmoja, na pengine utabakiwa na ya kufuli.

Kilomita nne kwa mwendo wa wastani ni dakika 16 au 17. Usikimbilie. Ukienda kwa 15 kwa saa upepo unakupoza. Jasho hukujia ukishuka, kwa hiyo fika dakika kumi kabla ya kengele, kaa kivulini kabla hujaingia ofisini. Miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, joto ni kali na upepo utakuwa unakupiga usoni ukielekea kaskazini. Wakati wa kusi mambo yanageuka. Mtu wa baiskeli Malindi huujua msimu kwa mapaja kabla ya mvuvi. Masika, pale maji yakituama, usipite katikati ya dimbwi usilolijua. Shimo halionekani, na boda anayekufuata hajui kwamba utasimama ghafla.

Adui wako mkubwa siyo lori. Ni ukingo wa lami. Nenda kautazame leo jioni, kwa karibu, chuchumaa kabisa: lami imekatika kama kipande cha mkate, chini yake kuna mchanga, na kati ya juu na chini pana kimo cha kiganja, mahali pengine zaidi. Mgeni wa baiskeli huogopa magari, akajibana kwenye ukingo huo, gurudumu la mbele likashuka, akajaribu kulipandisha likiwa bado linakwenda. Linakwaruza ubavu wa lami, haliwezi kupanda, na yeye anaanguka upande wa magari. Kwa hiyo kaa mita moja kutoka ukingoni, wazi, mwendo ulionyooka. Watakupigia honi. Anayekupigia honi amekuona. Gurudumu likishuka, usipigane nalo: funga breki, shuka, inua baiskeli, panda tena. Na asubuhi unapoelekea baharini jua liko usoni mwako na usoni mwa dereva aliye nyuma yako vilevile. Hapo acha njia kuu, pita ndani ya mitaa hata kama ni mzunguko wa dakika mbili.

Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa angani kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano baharini hapo Ngomeni, ikaenda kupima miale ya eksirei ya nyota. Utotoni mwangu wazee walikuwa bado wakiusimulia moto ule. Huwa nalikumbuka jambo hilo ninapochuchumaa kando ya barabara nikipima ukingo wa lami. Kuna waliotoka pwani hii hadi kwenye nyota, na mimi naomba mita moja na nusu ya bega la barabara, ile kando ya lami, lililosawazishwa.

Hiyo mita na nusu unaweza kuiomba pamoja nami, na njia yake ni hii. Kwanza jua barabara ni ya nani. Tangu sheria ya barabara ya 2007, zile kuu ni za KeNHA, nyingine za mijini ni za KURA, za mashambani za KeRRA, zote tatu mamlaka za serikali ya kitaifa. Zilizobaki, pamoja na taa za njiani na maegesho, Katiba ya 2010 imeipa kaunti. Kupeleka barua ya barabara ya kitaifa kwa kaunti ni kuitupa baharini, nayo itaelea kwa adabu. Pili, makadirio ya bajeti ya kaunti hufika kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, kwa hiyo vikao vya maoni ya wananchi vinavyofaa ni vya kabla ya hapo. Ukienda, usiseme tunataka usafiri bora. Karani ataandika usafiri bora na itaishia hapo. Sema: kutoka mahali hapa mpaka hapa, mita kadhaa, ukingo usawazishwe, bega la mita 1.5 litiwe lami, tuta mbele ya kivuko cha shule. Nenda na walimu wenzako na hesabu. Wanafunzi wa kidato cha pili wakikaa getini asubuhi moja na fomu mliyoichora wenyewe, yenye safu ya miguu na safu ya baiskeli, hilo ni somo la hisabati na ni ushahidi ambao ofisi yenyewe huenda haina.

Yamebaki ya ufundi, madogo. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, hata kama hupangi kurudi usiku. Vikao vya walimu nimevisikia. Helmeti juu ya mtandio inakaa, legeza mkanda tu. Beba tyubu moja ya akiba kwa sababu ya mbigili. Ule mwiba mdogo wa pembe tatu uko kila palipo na mchanga mkavu, na ukiuona umeingia usiuchomoe njiani kabla hujawa tayari, maana ndio uliozuia upepo usitoke. Mnyororo uufute kila Ijumaa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uukaushe, kisha utie oili ya cherehani tone moja kila kiungo, ufute tena. Fundi atataka kuupaka grisi. Mkatalie kwa upole: grisi hushika mchanga, na kwa mchanga wetu na chumvi yetu mnyororo hautamaliza mwaka.